Manjano Kwenye Maji ya Kuku

Jogoo wa kwao hakuwa na adabu. Kabla mwanga haujaingia dirishani alikuwa amekwisha kuwika mara chungu nzima, na katika nyumba ile aliyemsikia kwanza alikuwa Chiriku. Msichana huyo wa miaka kumi na mitatu alifagia uani, akachota maji kwenye pipa, akalisha kuku wa mabanda mawili yaliyojengwa ubavu kwa ubavu nyuma ya nyumba. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao haukulala. Aliwasemesha kuku, akausemesha ufagio, na kama hapakuwa na cha kusemesha alijisemesha mwenyewe. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku, jina lake halisi likabaki huko huko shuleni.

Kazi ya mama yake ilikuwa kutotolesha vifaranga. Chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo zamani, kilikaliwa na mashine ya kutotoleshea mayai: sanduku kubwa la mbao lenye taa, feni na bakuli la maji la kuleta unyevu. Ilinguruma mchana na usiku, na mtu wa nyumba ile aliisikia pale tu iliponyamaza. Wafugaji walikuja kununua vifaranga wa siku moja, wakawabeba kwenye maboksi yenye matundu, na wengi wao walirudi tena kwa sababu vifaranga wa mama Chiriku walikuwa na nguvu.

Katika kazi zote za nyumbani, Chiriku aliipenda moja kuliko nyingine, nayo ilikuwa kupima mayai kwa tochi. Mama hushusha pazia zito mchana kweupe, chumba kinakuwa giza, halafu tochi huwekwa chini ya yai. Yai lenye uhai huonyesha doa jeusi katikati na mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi ya mche. Yai tupu hung'aa tu, halina jipya. Mshika tochi miaka yote alikuwa Chiriku. "Lina mtoto," anasema, mama analirudisha kwenye mashine. "Tupu," mama analiweka kando. Ndani ya chumba kile walikuwa wawili tu, yeye na mama yake, wakinong'ona na kucheka gizani, na Chiriku hakudhani kama ipo siku atakuja mtu wa tatu.

Mtu wa tatu alikuja na begi moja. Alikuwa binti wa mjomba wake, mdogo kwake kwa miaka miwili, tena mdogo wa umbo, kwa hiyo akaitwa Kadogo. Mama yake Kadogo alikuwa amelazwa hospitali ya mbali kwa matibabu ya muda mrefu, na baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, leo yuko huku, kesho yuko kule. "Dada, sina wa kumwachia ila wewe," mjomba alimwambia mama Chiriku, na mama akampokea mtoto kwa mikono miwili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatizo la mgeni huyu ni kwamba siku ya tatu alilichukua jembe mwenyewe, bila kupewa. Aliosha vyombo kabla ya kuombwa. Aliwatandikia kuku pumba kavu. Wala hakuwa na maneno mengi; akiitwa huitika "Abee, shangazi," akitumwa huenda. Watu wazima wanawapenda sana watoto wa namna hiyo, na watoto wenzao huwaona kero.

Hata hayo Chiriku angeyameza. Lakini siku ya kupima mayai Kadogo naye aliitwa aje kujifunza. Chiriku aliweka tochi chini ya yai moja, akatazama kidogo, akasema, "Tupu."

"Shangazi," Kadogo akasema kwa sauti ndogo, "mbona mimi naona kama uzi mwekundu pale pembeni?"

Mama akalichukua yai, akaligeuza taratibu. Uzi ulikuwepo. "Nusura tuue mtoto wa watu," akasema. Kisha akacheka, akalishika bega la Kadogo. "Una macho wewe, mwanangu. Hebu shika tochi tuone."

Mwanangu. Neno lile lilimchoma Chiriku kuliko kosa lenyewe. Alisimama gizani mikono mitupu, akimwangalia mtoto wa watu ameshika tochi yake, amesimama mahali pake, anaitwa kwa jina lake. Tangu siku hiyo mama alimpa Kadogo tochi, Chiriku akawa wa kupokea mayai na kuyapanga. Hakuna aliyemnyang'anya kwa ubaya, lakini roho ilimuuma kama amenyang'anywa.

Wivu haukumpa nafasi ya kupumua. Kadogo akisifiwa, Chiriku alinuna. Kadogo akiongezewa mboga, Chiriku alitazama sahani yake mwenyewe akaiona ndogo. Mama alipomsuka Kadogo nywele jioni, Chiriku alikaa mlangoni akahesabu kila msuko, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amesukwa siku iliyotangulia. Shuleni aliyekaa naye dawati moja, msichana mmoja mchokozi, alimcheka: "Siku hizi kwenu wewe ndiye mgeni." Ulikuwa utani wa mapumziko tu, ila Chiriku alirudi nao nyumbani na kulala nao.

Mama aliona kununa kule. Badala ya kumwita binti yake wakae wazungumze, alitafuta njia aliyodhani ni ya haki. "Sikilizeni," aliwaambia wakiwa wote uani. "Mabanda ni mawili na nyinyi ni wawili. Chiriku, banda la kwanza ni lako. Kadogo, la pili ni lako. Tutakusanya mayai ya kila banda, tutayaatamisha pamoja. Ambaye mayai yake yataangua vizuri zaidi, ndiye atakayekuwa msaidizi wangu wa chumba cha mashine, tochi na kila kitu, likizo nzima ijayo."

Mioyoni mwao wote wawili neno hilo liliingia, lakini kwa Chiriku liliingia kama moto kwenye nyasi kavu. Alikitaka chumba kile. Alitaka pazia lishushwe, mlango ufungwe, na ndani wawe yeye na mama yake, basi.

Kuku wa mama walikula chakula alichokichanganya mwenyewe, mahindi ya kuparaza zaidi kuliko kitu kingine. Kwa kuwa walifungiwa bandani wasipate majani ya kudonoa, aliwanunulia unga wa vitamini kwenye duka la dawa za mifugo. Ulikuwa unga wa rangi ya njano iliyokolea, na ukiutia kwenye maji nayo huwa ya njano. Kila jioni alipima vijiko viwili, akavifunga kwenye vikaratasi viwili, kimoja cha kila banda, akaviweka juu ya rafu ya jikoni. Chiriku ndiye aliyewahi kuamka, kwa hiyo ndiye aliyevichukua.

Asubuhi moja alisimama mbele ya rafu ile, vikaratasi viko kiganjani. Pembeni kulikuwa na kopo la manjano ya kupikia, na chini yake unga wa ngano. Hakupanga tangu jana. Wazo lilikuja hapo hapo, likakaa. Alichanganya unga kidogo na manjano kidogo, akaufunga kwenye kikaratasi kingine, akaukunja vile vile kama mama anavyokunja. Kisha akaenda uani, akamkuta Kadogo anapangusa macho.

"Shika, nimekuletea ya kwako."

"Ahsante, dada," Kadogo akasema.

Maji ya banda la pili yakawa ya njano, mazuri kabisa kwa macho. Maji ya banda la kwanza yakapata vijiko viwili badala ya kimoja. Chiriku alipiga hesabu yake: kuku wangu watapata mara mbili, basi vifaranga wangu watakuwa na nguvu mara mbili. Wa Kadogo nao watapungukiwa kidogo tu. Kidogo kitu gani? Kuku ni kuku, hata bila vitamini anataga.

Siku ya pili alijiambia ni mara ya mwisho. Baadaye akazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, na mwezi karibu mzima ukapita hivyo. Kila asubuhi alipeleka manjano, na kila asubuhi aliambiwa ahsante, dada. Kuku wa banda la pili hawakuonyesha ugonjwa wowote. Walikula, walitaga, walipigana kama kawaida yao. Chiriku akaanza hata kukasirika kwamba hila yake haizai matunda.

Mayai yakakusanywa, mama akayawekea alama ya kalamu, duara kwa banda la kwanza na msalaba kwa banda la pili, akayaingiza kwenye mashine. Baada ya wiki moja pazia likashushwa. Safari hii mama alishika tochi mwenyewe ili pasiwe na manung'uniko. Mayai ya duara yalikuwa na mishipa. Mayai ya msalaba nayo yalikuwa na mishipa, tena mizuri.

"Mko sawa," mama akasema. Kadogo akatabasamu. Chiriku naye akatabasamu kwa meno tu.

Wiki iliyofuata walipima tena. Mayai ya duara yalikuwa yamejaa weusi, na ukitulia uliona kitu kikijinyonganyonga ndani. Mama akachukua la kwanza la msalaba. Akalitazama muda mrefu. Mishipa haikuwepo tena, kulikuwa na pete ya damu iliyotulia na kivuli kisichotikisika. Akaliweka kando. La pili likawa vile vile. La tatu lilikuwa hai, la nne limekufa, la tano limekufa.

Chiriku alikuwa akiisubiri siku hiyo kwa hamu, na sasa imekuja akaona furaha haiji. Mayai yaliyokufa yaliendelea kujaa kwenye trei. Kadogo alianza kulia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye gauni. Mama akaacha tochi, akamvuta kifuani. "Nyamaza, mwanangu. Hutokea."

Huwezi kuamini, lakini hata pale Chiriku aliona wivu. Ameshindwa, na bado ndiye anayekumbatiwa. Huruma iliyokuwa imeanza kumwingia ikatoka, na mahali pake akarudi yule mdudu wa wivu wa siku zote.

Vifaranga walipoangua mambo yalikuwa wazi. Wa banda la kwanza walitoka vizuri, idadi ile ile ya siku zote. Jambo hilo lilimshangaza Chiriku, maana alitarajia ziada, na ziada haikuja hata ya mmoja. Wa banda la pili waliotoka walikuwa wachache, wadogo, manyoya yao yamejikunja vifundovifundo kama nywele zilizoungua. Wengine vidole vya miguu vilikuwa vimekunjamana kwa ndani kama ngumi, wakatembelea vifundo vya miguu, wakaanguka, wakajaribu tena. Kadogo alipiga magoti mbele ya boksi lao na hakutaka kuondoka.

Mama akampigia simu daktari wa mifugo. Alikuja mwanamke mrefu mwenye buti za mpira, mtu wa maneno makavu na mzaha kidogo. Hakuitazama mashine. Aliomba sinia, akapanga juu yake mayai yaliyokufa, akayafungua moja moja kwa mkasi mdogo. Watoto walisogea, na harufu ikawarudisha nyuma.

"Sogeeni, harufu haiumi," daktari akasema. "Mnaona huyu? Huyu ni kiinitete, yaani kifaranga ambaye hajamaliza kutengenezwa. Sasa niambieni, mtu akifungiwa chumbani wiki tatu, hakuna mlango wala dirisha, atakula nini?"

"Alichoingia nacho," Kadogo akajibu, sauti yake bado ina kilio.

"Hasa. Kifaranga anaingia na masurufu aliyofungiwa na mama yake, kwenye kiini na kwenye ute. Ndani ya masurufu hayo kuna vitamini, na kila moja ina kazi yake. Vitamini A inahitajika mapema sana, wakati moyo na mishipa ya damu inajengwa. Vitamini D inamsaidia kuchota chokaa kutoka kwenye ganda ili ajenge mifupa. Vitamini E inakilinda chakula chake kisiharibikie mwilini. Halafu iko B2, inayomwezesha kukichoma chakula hicho apate nguvu za kukua. Siku za mwanzo kiinitete ni kidogo, kinatumia kidogo, kwa hiyo hata chenye masurufu haba kinakwenda. Kikikua, matumizi yanapanda. Masurufu yakiisha njiani, ndiyo haya." Akaonyesha sinia kwa ncha ya mkasi. "Manyoya ya vifundo, vidole vya ngumi, vifo wiki ya pili. Hii ni njaa ya B2. Mashine yako haina kosa, mama. Haya yalianza kabla yai halijatagwa, kwenye mwili wa kuku."

"Lakini nawapa vitamini kila siku," mama akasema. "Kopo moja, mabanda yote mawili."

"Banda moja limepata, jingine halikupata. Hilo ndilo ninaloliona hapa. Nani aliyekuwa anawawekea hawa?"

"Mimi, daktari," Kadogo akasema. "Kila siku. Sijaacha hata siku moja."

Daktari akainua mabega, akaenda kunawa mikono kwenye pipa. Mama alibaki amemkazia Kadogo macho. Ule upole wote aliokuwa nao kwa mtoto yule ulikuwa umeanza kuondoka, na Chiriku aliuona ukiondoka.

"Kadogo, niambie ukweli. Ulisahau?"

"Sikusahau, shangazi."

"Uliumwaga? Uliona uvivu kukoroga?"

"Hapana. Maji yalikuwa ya njano kila siku."

"Yai haliwezi kusingizia," mama akasema, na sauti yake sasa ilikuwa nzito. "Mtoto akikosea namfundisha. Mtoto akinidanganya uso kwa uso siwezi kukaa naye kwenye kazi hii. Nitamwambia baba yako akipita aje akuchukue."

Amchukue Kadogo ampeleke wapi? Mama yake yuko kitandani hospitalini, baba yake analala ndani ya lori. Hata Chiriku alijua kuwa mtoto huyu hana mlango mwingine wa kubisha.

Na sasa kila alichokitaka kilikuwa mbele yake. Begi litafungwa. Chumba cha mashine kitakuwa cha wawili tena. Hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza, na moyo wake ulimwambia nyamaza, nyamaza, hujaulizwa.

Hapo Kadogo akamgeukia. Uso wake ulikuwa umepata matumaini. "Dada, si wewe ndiye uliyekuwa unaniletea unga kila asubuhi? Uliona nikiukoroga. Mwambie shangazi."

Angemtukana, Chiriku angeweza kuvumilia. Angemshuku, angekana. Lakini mtoto yule alimtafuta shahidi, na katika dunia nzima aliyemwona anafaa ni yeye. Chiriku alitazama chini. Yeye ambaye maneno hayajawahi kumwishia alitafuta neno moja tu, akalikosa. Kisha likatoka, bila kupambwa.

"Haukuwa unga wa vitamini. Nilikuwa nampa manjano na unga wa ngano. Yeye hakujua."

Mama akamwacha Kadogo, akamgeukia binti yake.

"Na vitamini zake ulizipeleka wapi?" mama akauliza, taratibu mno.

"Nilizitia kwenye maji ya kuku wangu. Nilitaka wapate mara mbili." Machozi yakamtoka, na pamoja nayo yote mengine. "Wewe unamwita mwanangu. Umempa tochi. Nikiingia chumbani nakuta mmeshaanza kucheka. Nilitaka ashindwe, mama. Sikutaka wafe, nilitaka ashindwe tu."

Mama akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alifunika uso kwa kiganja. Daktari ndiye aliyerudi akikung'uta mikono, akamtazama Chiriku bila hasira.

"Mara mbili, eh? Na ulipata vifaranga mara mbili?"

"Hapana. Wale wale."

"Nikueleze kwa nini. B2 haitembei yenyewe ndani ya kuku mpaka kwenye yai. Mwili una wabebaji wake, chembe maalumu zinazoishika na kuipeleka huko. Wabebaji wakishajaa, wamejaa. Hata ukimnywesha kopo zima, yai halipokei zaidi, inayobaki inatoka na kinyesi. Kwa hiyo fungu la mwenzako hukulipeleka kwenye mayai yako, binti. Ulilipeleka kwenye takataka za banda."

Chiriku aliyasikia maneno hayo, akajiona mjinga juu ya kuwa mbaya. Mwezi mzima wa kuamka mapema, kukunja vikaratasi na kumdanganya mtoto mdogo, yote yamefagiliwa nje pamoja na pumba chafu.

Daktari aliacha dawa ya matone. Alisema wale ambao vidole vimejikunja kidogo wanaweza kunyooka wakianza kupewa vitamini mapema. Kwa waliojikunja sana hakuahidi kitu. Kabla hajavuka geti alimgeukia mama. "Na wewe usiwashindanishe tena watoto kama majogoo," akasema, na mama akaitikia kwa kichwa.

Mama alimwita Kadogo kwanza. Alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mwongo na wewe ulisema kweli. Hapa ni kwako, huendi popote." Kadogo alilia sasa kwa sauti, kilio cha mtu aliyekuwa amekibana. Chiriku alisimama kando akitazama, na safari hii hakuhesabu alichopewa mwenzake.

Adhabu yake haikuwa fimbo. Mama alimwambia, "Vifaranga wale ni wagonjwa wako. Na banda la pili utalifagia wewe mpaka kuku wake warudi walivyokuwa. Kadogo atasimamia, na akikwambia hapajasafishika, utarudia." Jioni mjomba alipopiga simu, mama alimpa Chiriku azungumze naye. Hakumfundisha la kusema. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Huyo ndiye nduguyo, hana mwingine," na simu ikakatika.

Chiriku alitia matone kwenye midomo ya vifaranga, mmoja mmoja, asubuhi na jioni. Wawili walimfia mkononi. Aliwazika nyuma ya banda bila kumwita mtu. Kadogo hakumsemesha, na alipomsimamia bandani alionyesha tu kwa kidole: hapa, na hapa. Chiriku alirudia bila kubisha. Aliyajua makosa yake, na alijua pia kwamba msamaha si kama maji ya bomba, eti ukifungua tu yanatoka.

Siku ilifika kifaranga mmoja mdogo akasimama, vidole vyake vimenyooka, akakimbia mpaka kwenye chombo cha chakula akamsukuma mkubwa wake. Kadogo alicheka kabla hajakumbuka kuwa amenuna. "Huyu mgomvi," akasema. "Umemlisha nini?" Ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu siku ile, na Chiriku aliyajibu polepole ili yasiishe.

Kuku wa banda la pili walipopata vitamini zao za kweli wiki kadhaa, mayai yao yakarudi kuwa mazima. Awamu iliyofuata mama hakuchora duara wala msalaba. Vifaranga walipoangua, boksi zima lilikuwa linapiga kelele, na hakuna aliyeweza kusema yupi ametoka banda lipi.

Mama aliwaketisha wote wawili kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. "Mimi nilikosea," alianza. "Nilimwona binti yangu ananuna, nikaleta mashindano badala ya kumuuliza. Lakini wewe, Chiriku, nataka uniambie jambo moja. Ulichukua fungu la mwenzako mwezi mzima ukalimimina kwako. Ulipata nini?"

"Sikupata kitu, mama."

"Na yeye?"

"Alikaribia kukosa pa kukaa."

"Basi ndivyo wivu ulivyo. Mwizi wa kawaida huiba akafaidi. Mwenye wivu huiba, akaharibu, na mkononi mwake hamna kitu. Upendo wangu kwako haukupungua mtoto huyu alipoingia, kama vile kuku wako hawakupungukiwa na kitu kuku wake walipokunywa vitamini zao. Fungu lako lilikuwa limejaa siku zote. Ulikuwa ukihangaika kukijaza kilichokwisha jaa."

Chiriku aliinamisha kichwa. Alitaka kusema mengi, akachagua kidogo. Alimgeukia Kadogo, akasema, "Nisamehe, mdogo wangu." Hakuwahi kumwita hivyo tangu afike.

Kadogo alimtazama kwa muda, kama anavyotazama yai kabla ya kusema lina mtoto ama ni tupu. Kisha akasogea kidogo kwenye ngazi, akampisha nafasi ya kukaa karibu.